Simu Ndogo Yenye Vitufe vya Herufi

Muuza sambaza wa Gisenyi aijua vema taabu ya simu ya kioo. Mikono ikilowa majimaji ya samaki wa Ziwa Kivu, kioo huacha kukisikia kidole, au husikia pasipoguswa. Tarakimu moja ikikosewa, fedha za mauzo ya siku nzima zaweza kumwendea mtu asiyejulikana. Ndiyo maana wapo wanaotamani simu ndogo ya kisasa, yenye intaneti, lakini iliyo na vitufe vya herufi vya kubonyezwa. Tamaa hiyo ina msingi, ila simu za namna hii ni chache, na nyingi zimekwisha kutumika. Mnunuzi hana budi kuwa na macho.

Jina litajwalo kwanza ni BlackBerry, na hapo ndipo umbo humponza mtu. Bold 9900 ya mwaka 2011 yapendeza mkononi. Lakini WhatsApp iliziacha simu za mtambo huo mwishoni mwa mwaka 2017, na tarehe 4 Januari 2022 kampuni yenyewe ilifunga huduma zake, ikionya kwamba hata kupiga na kupokea kusitegemewe. Hilo ni pambo, si simu. KEY2 ya mwaka 2018 ni afadhali, kwa kuwa hutumia Android, ingawa waliokuwa wakiitengeneza, TCL, waliacha kuuza simu za jina hilo Agosti 2020. Iliyo ndogo kwelikweli ni Titan Pocket ya Unihertz, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na Android 11, kioo cha inchi 3.1 na nafasi ya laini mbili. Kwa anayevuka kila siku kwenda Goma, laini ya 250 na ya 243 hukaa pamoja humo.

Jambo lisahauliwalo ni mpangilio wa herufi. Simu zilizotengenezewa nchi za Kifaransa huanza na A, Z, E. Za Kiingereza huanza na Q, W, E. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, hali Kongo imebaki na Kifaransa, kwa hiyo hata nyumba moja yaweza kuwa na mama aliyezoea mpangilio huu na mtoto aliyezoea ule. Kwenye kioo mpangilio hubadilishwa mara moja. Kwenye vitufe, programu yaweza kubadili herufi itokeayo, lakini haifuti iliyochorwa.

Kabla ya kulipa, yafaa kuandika herufi zote moja moja, kisha kushika kitufe cha Alt na kuandika tarakimu zote, maana hizo hukaa juu ya vitufe vya herufi. Laini zote mbili zitiwe na kujaribiwa, na akaunti ya mwenye simu wa kwanza iondolewe papo hapo, naye akiwapo.

Vitufe navyo havizuii maji. Huyapitisha kandokando yake hadi ndani. Kitambaa kikavu kiunoni bado chahitajika. Na kama kazi ni kupiga na kutuma fedha tu, simu ya kawaida ya vitufe kumi na viwili yatosha kabisa: *182# hufunguka humo bila intaneti, na tarakimu zina vitufe vyake zenyewe.