Saa ya Kiswahili inajua hesabu kuliko daftari lako

Leo naacha siasa, nashika chaki. Najua wapo watakaouliza mwandishi wa habari anatafuta nini kwenye hesabu. Watauliza weee, watachoka.

Mchoree mwanafunzi wa sekondari grafu ya y = x², kisha mwambie achore y = (x − 6)². Akiona alama ya kutoa anaisogeza grafu kushoto. Anapigwa kosa. Akiuliza kwa nini, anajibiwa: "Ndani ya mabano mambo huwa kinyume, kariri." Hata sisi tulikaririshwa hivyo hivyo. Mtihani ulipokwisha, kanuni nayo ikaenda zake.

Jamani, kinyume kiko wapi? Mtoto wa Kitanzania angepaswa kuelewa jambo hili haraka kuliko mtoto wa London, maana anaishi na saa mbili. Redio inasema saa 1 asubuhi, simu inaonyesha 7:00. Tofauti ni 6, kila siku.

Chora grafu ya abiria kituoni kwa saa ya Kiswahili. Tuseme daladala zinagombaniwa zaidi saa 1, kilele kiko pale. Sasa ichore upya kwa saa ya simu. Kilele kimehamia 7. Grafu nzima imesogea kulia hatua 6, umbo lake halijaguswa.

Je, kujua abiria wa 7:00 ya simu unafanyaje? Unatoa 6, unarudi kwenye saa 1 ya grafu ya zamani, unasoma. Hiyo ndiyo f(x − 6). Kutoa kunakurudisha kwenye grafu ya zamani kuchukua jibu. Grafu mpya imeshakwenda mbele. Basi!

Kwa nini hatufundishi hivi? Kwa sababu tumeaminishwa kuwa hesabu ni mali ya Kiingereza. Mtoto wa shule ya serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza lugha inabadilika, na saa ya nyumbani kwao inaachwa nje ya mlango wa darasa. Anakariri kanuni kwa lugha asiyoimudu, halafu sisi wa magazeti tunaandika kwamba watoto wanaogopa hesabu. Uongo. Wamenyimwa maelezo.

Mwalimu, kabla hujasema "kariri", waonyeshe saa. Anayebisha aje hapa tubishane, uwanja upo.