Vifaa vya Kutengenezea Gari Nyumbani: Ushauri Ninaoupinga

Mwenye gari anayetaka kujifanyia kazi ndogo nyumbani, kama kumwaga oili, kubadilisha plagi au kufunga bureki pedi, hupewa ushauri mwingi kabla hajanunua hata bisibisi. Baadhi ya ushauri huo unaharibu magari, na mwingine unaweza kuua.

“Nunua spana malaya moja, itafungua kila kitu.” Kufungua itafungua, lakini nati itaumia. Meno yake hushika pande mbili tu, tena hulegea ukivuta kwa nguvu, na pembe za nati zinalika. Nati ikishalika, kazi ya dakika kumi inageuka ya kuita mtu wa kuchomelea. Boksi ya pembe sita hushika pande zote sita. Toyota nyingi zinazotembea kwetu zinataka namba chache: 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za magurudumu. Anza na hizo pamoja na racheti imara. Seti kubwa ya vipande mia mbili isikutamanishe. Vingi humo hutavigusa kamwe.

“Mashine ya betri imemaliza kazi ya mkono.” Naipenda mashine hiyo ya kuzungushia nati, na kwa nati zilizoshika kutu sijaona mfano wake. Lakini ni ya kufungulia. Plagi huingia kwenye uzi wa aluminiamu, kwa hiyo ianze kwa vidole hadi uhisi imekaa sawa, ndipo ushike racheti. Ukiipeleka kwa mashine ikiwa imekaa upande, uzi umekwenda. Na mashine ivalishwe boksi nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili yake; zile zinazong’aa zinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni.

“Spana ya toki ni ya kiwandani, mkono wa fundi unajua.” Hapa ndipo ninapobisha zaidi. Kipimo cha kukaza nati za magurudumu kwenye Toyota ndogo nyingi, Corolla ikiwemo, ni nyutoni-mita 103. Sasa mwangalie mtu wa kilo 70 anayechomeka bomba la nusu mita kwenye spana, kisha anasimama mwishoni mwake ili “ishike vizuri”. Hiyo ni zaidi ya nyutoni-mita 340, mara tatu na ushei ya kinachotakiwa. Bolti inavutika, na siku ya pancha barabarani hakuna atakayeifungua nati hiyo. Plagi ya kumwagia oili kwenye magari hayohayo inataka kama 40 tu. Mkono gani utatofautisha 40 na 103 bila kipimo? Weka kipimo kwenye spana ya toki, kaza nati kwa kuvuka, si kwa kuzunguka duara, na ukisikia mlio wa “tak”, acha. Usiitumie spana hiyo kufungulia, na ukimaliza irudishe kwenye kipimo cha chini kabisa kabla ya kuihifadhi.

“Jeki inatosha, naingia chini dakika moja tu.” Hapana. Jeki ya oili inabeba gari kwa nguvu ya oili iliyozuiwa na sili ya mpira. Sili ikichoka, gari linashuka, na halitakusubiri utoke. Jeki ni ya kuinulia. Gari likae juu ya stendi mbili, kwenye sakafu ngumu. Tofali la saruji lenye matundu si stendi, maana hupasuka ghafla bila kuonya. Weka kabari kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Kumbuka kwamba handibreki ya magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu: ukiinua nyuma, hakuna inachozuia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama fedha ya mwezi huu inatosha kitu kimoja, na umeshaiwekea macho mashine ya betri, iache kwanza dukani. Nunua stendi mbili.