Wati Elfu za Kwenye Boksi

Hoja iliyochapishwa kwamba amplifaya ndogo ya nyumbani ni anasa, na kwamba mkazi wa Voi anafaidi zaidi kwa sabufa ya "wati elfu", imesimama juu ya maandishi ya boksi. Namba hiyo mara nyingi ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, si nguvu inayotoka mfululizo. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 87 umbali wa mita 1, na kila ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu. Kwa sebule ya mtaa wa Sofia au Kaloleni, wati 20 za kweli zatosha na kubaki. NAD 3020 ya mwaka 1978 ilitangazwa kwa wati hizo 20 kila upande, na wajuzi wangali wanaisaka.

Mwandishi wa hoja hiyo ataniambia sabufa ni rahisi. Dukani, ndiyo; lakini amplifaya yake ikiungua, spika zake nazo huwa mzigo, ilhali mwenye amplifaya ya peke yake hubadilisha kifaa kimoja. Harusi uwanjani? Hiyo ni kazi ya mitambo ya kukodi. Pingamizi lenye uzito ni joto la Voi: amplifaya inataka hewa, wala isifunikwe kitambaa cha kufuma, pambo tulipendalo kupita kiasi. Ila besi ya sabufa inayommeza Fadhili William, Mdawida mwenzetu, akiimba "Malaika", hiyo haitibiwi kwa kuongeza wati.