Tusingoje Pumzi ya Mwisho



Katika familia zetu kuna desturi ambayo haina budi kusemwa waziwazi. Mtu akianza kuumwa, tunamnunulia vidonge vya maumivu dukani. Hali ikizidi, tunaelekezwa kwa mzee fulani wa kijiji cha pili. Fedha zikikaribia kuisha ndipo tunaikumbuka hospitali. Na hospitali ikielemewa, mmoja wetu hunong'ona: "Jamani, tumwite padri." Padri anafika na kumkuta mgonjwa hajitambui. Hawezi kuungama wala kupokea Komunyo. Anampaka mafuta, anasali, anaondoka. Kesho yake jirani anasema: "Mliona? Alipokuja padri tu, akafa."

La hasha. Hakufa kwa sababu padri alikuja. Padri aliitwa kwa sababu sisi tulikuwa tumekwisha kumhesabu mgonjwa wetu kuwa marehemu.

Hofu hiyo tumeirithi kutoka siku zile sakramenti hii ilipoitwa Mpako wa Mwisho. Lakini mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba jina linalofaa zaidi ni Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si sakramenti ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, wakati wake umekwisha kufika. Anaweza kuipokea kabla ya operesheni kubwa. Anaweza kuipokea tena ugonjwa ukizidi, au akipona kisha akaugua tena. Mtume Yakobo anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa wawaombee na kuwapaka mafuta (Yak 5:14-15). Hasemi wangoje mpaka roho ifike kooni.

Kwa nini naandika haya katika ukurasa wa afya? Kwa sababu kumchelewesha mgonjwa kwa Mungu na kumchelewesha hospitali ni matunda ya mti mmoja. Mizizi yake ni aibu na hofu. Mtu anaogopa kupima damu asije akajulikana. Mwingine anaogopa kumwona padri kwa kuwa ana miaka kumi hajaungama, au ndoa yake haijabarikiwa. Wote wawili wanajificha, na wote wawili wanaumia gizani.

Nasi jirani tunaongeza giza hilo. Tunauliza: "Alifanya nini mpaka akapata ugonjwa ule?" Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali kama hilo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, wakitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa mawazo hayo (Yoh 9:1-3). Iweje sisi tuyarudishe katika jumuiya zetu? Mgonjwa akisikia kwamba ugonjwa wake ni adhabu, atarudije kwa Mungu anayeambiwa kuwa ndiye aliyempiga?

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni la kutafuta tumaini la mkato. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu kwa maelfu ya watu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kwa marehemu Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Walikwenda watu wa dini zote, wakubwa kwa wadogo. Wapo waliotolewa wodini wakapakiwa magarini, na wapo waliofia njiani au katika foleni. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiamini wamepona. Simhukumu marehemu, hukumu ni ya Mungu. Nasema tu kwamba kiu ile ya watu ilikuwa ya kweli, nasi tujiulize kama wagonjwa wetu walikuwa wameonja faraja yoyote kutoka kwetu kabla ya kuifuata mbali vile.

Wapo wanaosema kwamba kumeza dawa ni dalili ya imani haba. Biblia yetu haisemi hivyo. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Mungu ndiye aliyemuumba, na kwamba dawa nazo zimetoka kwa Mungu. Anamwambia mgonjwa asali, aache dhambi, kisha ampe tabibu nafasi yake (YbS 38:1-15). Hata kule Lourdes, Ufaransa, ambako wagonjwa huhiji tangu Bikira Maria alipomtokea Bernadette mwaka 1858, ipo ofisi ya madaktari wanaochunguza kila uponyaji unaodaiwa. Kanisa linaloamini miujiza ndilo hilo hilo lililojenga hospitali za Peramiho na Bugando.

Kwa hiyo, aliyeanza dawa za kifua kikuu azimalize miezi yote aliyopangiwa, ambayo kwa kawaida ni sita, hata kama kikohozi kimekoma wiki za mwanzo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi azitumie kila siku maisha yake yote; katika nchi yetu zinatolewa bure tangu mwaka 2004. Akiombewa na kujisikia vizuri, amshukuru Mungu, na kliniki aende. Mtu yeyote anayemwambia aache dawa ili aonyeshe imani, amkimbie.

Lakini dawa peke yake haimshiki mgonjwa mkono usiku. Haimwondolei uchungu wa kutosamehewa, wala haimpatanishi na ndugu aliyegombana naye. Hapo ndipo imani inapofanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Aliyepatanishwa na Mungu anaweza asipone mwili, lakini haugui tena kama mtu aliyetupwa. Tumaini la Mkristo si ahadi kwamba hatakufa kwa ugonjwa huu. Ni hakika kwamba, akiishi au akifa, yu mikononi mwa Bwana.

Wazazi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, tufanye haya. Mgonjwa akilazwa, katekista au padri apewe habari wiki ile ile. Mwenye kasoro ya ndoa naye aitiwe padri. Mwenye kujua la kufanya ni padri, si majirani. Tukienda kusali rozari kwa mgonjwa, tuulize pia kama amekula, kama dawa zipo, na nani atampeleka kliniki. Na yule aliyepotea kanisani miaka mingi, siku akirudi na fimbo yake mkononi, asiulizwe alikuwa wapi. Apishwe nafasi akae.