Kabla Hamjamnunua Fahali Yule

Wazee wangu, ndugu na mashangazi wa Mkongani,

Picha ya fahali imenifikia, na shauri la kuuza majike ya zebu ili anunuliwe nimelisikia. Kwa uzuri, simtoi kasoro. Huku Greeley, Colorado, wa umbo lake nawaona zizini kila siku. Huchinjwa wakipita kilo 600, na wakinenepeshwa hula kama kilo 6 za chakula kikavu kupata kilo 1 ya uzito. Ila chakula chenyewe ni nafaka, na huletwa na lori, mvua inyeshe isinyeshe.

Mkubwa nimpe haki yake kwanza. Mwaka 1932 Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi California, alionyesha kwamba mwili ukiwa mkubwa mara mbili, mahitaji yake ya kuishi tu hayafiki mara mbili. Ng'ombe wa kilo 500 anahitaji kama mara 1.7 ya wa kilo 250. Kilo kwa kilo, basi, mkubwa si mlafi. Muuzaji akiwaambia hivyo hajawadanganya.

Lakini hesabu hiyo yataka ng'ombe aliyeshiba. Mimba na maziwa hupata kinachobaki baada ya mwili kujilisha. Kaskazi ikikaza, majani yakibaki makavu kama kamba, jike mdogo bado huokoteza ya kumtosha. Mkubwa hutembea mchana kutwa na kulala na njaa, na msimu unapita hajashika mimba. Jike asiyezaa naye anakula! Kwangu mimi mfugaji apime kilo za ndama aliyeachishwa dhidi ya malisho aliyokula mama yake, si kimo cha baba. Mizoga ya ukame wa Kinango mwaka 2022 mliiona wenyewe. Hata huku, wafugaji wa nyika kavu wanabishana kama majike yao hayajazidi ukubwa.

Mbung'o wa Shimba mnamjua kuliko mimi. Fahali wa damu ya Ulaya akiambukizwa naye nagana, mzigo wa dawa ni wenu. Tena mtamba wetu wa kilo 200 akibebeshwa ndama wa fahali kama huyo, nani atamzalisha usiku?

Damu mpya siikatai. Tafuteni Boran au Sahiwal, ambao wamefugwa Kenya miaka mingi na joto wanalijua, wayapande majike yetu hayahaya. Mabua ya mahindi yahifadhiwe badala ya kuchomwa, na mashudu ya nazi yakipatikana wapewe kwanza wenye mimba.

Mchango wangu upo. Sehemu yake mnunue utepe wa kupimia kifua, kisha mnitumie uzito wa kila jike na mwezi aliozaa mara ya mwisho. Asiyezaa miaka miwili ndiye aende mnadani. Najua mjomba atapinga, kwa kuwa yule mwekundu anayemsifia kila mgeni anapofika ni mmoja wao.