Ngomeni Hatukuwa Watazamaji

Muulize Mkenya yeyote aliyepita shule ya msingi akueleze habari za Fort Jesus. Jibu analo mdomoni: Wareno waliijenga, Waarabu wakawatoa, Waingereza wakaigeuza jela. Katika jibu hilo sisi hatumo. Tuko nje ya ukuta tunavua samaki, tukingoja wageni wamalize kupigana ili tujue bwana mpya ni nani. Barazani Mombasa nako utaisikia hadithi hiyo hiyo, ila kwa maneno mengi zaidi.

Hadithi hiyo si kweli. Na imedumu kwa sababu inatufaa.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mtaalamu kutoka Milano. Sawa, ramani ni yake. Lakini haikupita hata miaka 40 kabla ya mwenyeji kuitwaa kutoka ndani. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kamanda, kisha hasira ikahamia mjini kwenye nyumba za Wareno. Waliokufa hawakuwa askari tu. Wake na watoto walikuwamo. Anayedhani ngome ni mambo ya wanaume wenye bunduki na aanzie hapo. Askari wa Kireno alikuwa na nyumba, mke na watoto, jirani wa kumkopesha chumvi na jirani wa kumchukia.

Lakini ushahidi mzito uko katika mazingiwa ya 1696 hadi 1698, yale yale ambayo vitabu huyaeleza kama pambano la Mreno na Mwomani. Jeshi la Oman lilipofika Machi 1696, askari wa Kireno ndani walikuwa wachache, kiasi cha 50 hadi 70. Waliobaki, mamia kadhaa, walikuwa wapwani waliokimbilia humo na familia zao. Piga picha ya uwanja ule, usio mkubwa, ukiwa na watoto wanaolia, moshi wa kuni, foleni ya maji, wagonjwa kwenye mikeka. Maisha ya Ngomeni yalikuwa hayo. Mizinga hulia kwa siku, njaa hulia kila saa. Maradhi nayo yakaingia, yakaua kwa kasi ambayo risasi haikuifikia.

Agosti 1697 kamanda António Mogo de Melo akafariki. Uongozi akaushika Bwana Daud wa Faza, na watu aliokuwa nao wamehesabiwa: jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, wanawake Waafrika 50. Jumlisha mwenyewe. Kati ya watu 76, Daud mwenyewe akiwemo, angalau 50 ni wanawake. Hao ndio walioilinda ngome ya mfalme wa Ureno hadi meli za msaada zilipofika katikati ya Septemba. Nani alikesha ukutani usiku? Nani aliteka maji, akapika, akazika maiti? Hapakuwa na mwingine wa kufanya hayo. Halafu tunawafundisha watoto kwamba ngome ilishikiliwa na Wareno!

Hapa ndipo msomaji mzalendo anapoanza kukunja uso. Mwaka 1587 Wareno waliuteketeza mji wa Faza na kuifyeka minazi yake. Iweje mtu wa Faza aje kupigana kwa ajili yao? Kwa sababu Faza ilikuwa na ugomvi wake na mji jirani wa Pate, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Daud hakuwa kibaraka wala mjinga. Alikuwa mwanasiasa wa pwani aliyepiga hesabu ya pwani. Ukimtoa kwenye historia ili ibaki safi, umemtoa Mswahili mwenye akili na kubakiza Mswahili anayetazama.

Wala nisieleweke kwamba nawapamba wale wanawake. Sidhani wote walikuwa huru kuchagua upande wa ukuta wa kukaa. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda hadithi ya wageni: ukisema ngome ilikuwa ya Wareno na Waarabu peke yao, hulazimiki kuuliza ni nani hapa kwetu alikuwa na watumwa, na ni nani aliuza chakula kwa nani. Mchele wa Pemba uliilisha Mombasa. Nafaka ilitoka bara kwa Wamijikenda, nao walipewa vitambaa. Biashara hiyo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wapwani na majirani zao.

Mwisho wa mazingiwa wanaujua wengi: Desemba 13, 1698 ngome ikaanguka, na meli za msaada zikatokea siku saba baadaye. Umeandikwa sana, nauacha.

Kilichoandikwa kidogo ni karne zilizofuata. Ukoo wa Wamazrui uliitawala Mombasa kutoka humo kama watu wenye makazi yao. Baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman, kuwashinda mwaka 1837, ngome ikawa kambi ya askari wake, Mabulushi kutoka Baluchistan wakiwa wengi, na uwanja ukajaa vibanda. Wazao wa Mabulushi hao wapo Mombasa hadi leo, wanasema Kiswahili kama mimi na wewe, na hakuna anayewaita wageni isipokuwa mtu anayetafuta ugomvi. Vibanda vilivunjwa baada ya 1895 ili kujengwa vyumba vya wafungwa. Kwa hiyo ule uwanja mtupu unaopigwa picha leo, wenye utulivu wa makumbusho, si sura ya kale ya Ngomeni. Waingereza waliufuta mtaa wa watu, nasi tukaurithi ule utupu tukidhani ndio historia yenyewe.

Nitaambiwa kwamba kumbukumbu ziliandikwa na wageni, na wale wanawake 50 hawana hata jina moja. Kweli. Lakini mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba humo kuanzia 1958, udongo ulitoa vyungu vya kienyeji pamoja na sahani za Uchina. Sahani hizo tunayo maelezo yake, hadi enzi ya mfalme wa Uchina zilipotengenezwa. Tuwaulize waongozaji, walimu na watunga mitihani: chungu kilikuwa cha nani?