Mpisheni Naye Acheze

Ndugu zangu wenye mabanda ya gemu, waandaaji wa mashindano, na ninyi akina kaka mnaolijua kila pigo la gemu ya Tekken: nina ombi kwenu. Binti akija na hela yake mkononi, mpisheni akae. Asiulizwe amemfuata nani. Asisimamiwe mgongoni na watu wanne wanaomwelekeza abonyeze nini. Akifungwa, afungwe kama mwingine yeyote, kisha alipie mchezo wa pili.

Kwa asiyecheza, hili laweza kuonekana jambo dogo. Lakini ufundi wa gemu haupatikani darasani. Unapatikana kwa kukaa benchi moja na anayekuzidi, kupigwa, kumuuliza amefanyaje, na kupigwa tena. Mvulana huanza masomo hayo angali shule ya msingi, na akichelewa kurudi nyumbani hugombezwa kidogo tu, yakaisha. Dada yake saa hizo anaosha vyombo au amembeba mdogo wao. Wakija kukutana mashindanoni ukubwani, mmoja ana miaka ya mazoezi vidoleni na mwenzake hana, nasi tunasema wasichana hawana kipaji. Hii si ndondi, ambako uzito wa mwili huamua. Saa za kucheza ndizo zinazoamua, na saa hizo tumezigawa kwa upendeleo.

Kwenye intaneti hali ni ngumu zaidi. Katika gemu za timu kama PUBG au Valorant, wachezaji huongea kwa maiki: adui yuko nyuma ya ukuta, nimeishiwa risasi, njooni kushoto. Sauti ya msichana ikisikika tu, mazungumzo hugeuka. Yuko wa kumtongoza, yuko wa kumwambia arudi jikoni, na yuko anayemkomoa makusudi hata kama timu nzima itashindwa. Basi wengi huzima maiki na kujipa majina ambayo hayawatambulishi kuwa wanawake. Wanapata utulivu, ila wanaulipia mchezoni. Asiyesema hawezi kuonya wala kuomba msaada, na hawezi kabisa kuwa nahodha anayepanga mashambulizi. Kati ya madhara yote, hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtazamaji halioni. Yeye anaona tu mchezaji asiyeshirikiana na wenzake.

Hata msichana akiwa hodari, uhodari wenyewe humletea kesi. Mwaka 2016 huko Korea Kusini, Kim Se-yeon, binti wa miaka 17 anayejulikana kama Geguri, alilenga shabaha vizuri mno katika gemu ya Overwatch hata wapinzani wakadai anatumia programu ya udanganyifu. Ilibidi acheze mbele ya kamera, mikono yake ikionekana, ndipo watu wakaamini. Mwaka 2018 akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa katika ligi kuu ya Overwatch, kwenye timu ya Shanghai Dragons. Mwaka uliofuata Li Xiaomeng wa China alitwaa ubingwa wa dunia wa gemu ya Hearthstone huko California. Akiwa jukwaani alieleza kwamba zamani, akiwa kwenye foleni ya mashindano, mtu alimwambia kuwa msichana hana haja ya kupanga foleni ile.

Na huku kwetu? Sylvia Gathoni wa Kenya, Queen Arrow kwa wapenzi wa Tekken, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka 2018, naye akiwa anasomea sheria. Nafurahi kila nikimtaja, lakini sitaki tumtaje yeye peke yake kwa miaka mingine kumi.

Waandaaji, kazi yenu kubwa ni kanuni. Ziandikwe na zibandikwe ukutani kabla ya mechi ya kwanza: anayemtukana mchezaji kwa sababu ya jinsia yake anatolewa, awe hodari kiasi gani. Mashindano ya wanawake pekee nayaunga mkono, ilimradi mshindi wake afunguliwe njia ya kuingia mashindano ya wote. Tena angalieni saa. Fainali ikianza saa tatu usiku, mabinti wengi wamekwisha kutolewa kabla hawajashika pedi ya gemu, maana hakuna mzazi atakayewaruhusu.

Baba na mama, mtoto wa kike akiomba kucheza na kaka yake, wagawanyieni kazi za nyumbani ili wote wapate nafasi.

Nanyi akina kaka mnaocheza mtandaoni, mwenzenu akimtusi msichana, msinyamaze mkisubiri mechi iishe. Mkanyeni palepale, kwa maiki ileile, naye asipoacha mripotini. Neno la mwanamume mwenzake analisikia haraka kuliko la yule anayetusiwa. Kisha mwambieni yule dada adui yuko wapi, muendelee kucheza.